Mhanga na Karanga za Kijiji

Kosa langu la kwanza katika elimu ya wanyama lilikuwa kumhukumu mhanga kwa pua ya nguruwe. Shule niliishia darasa la nne. Mengine niliyasoma kwenye kurasa za vitabu vikuukuu ambazo Mhindi mmoja mwenye duka pale Tabora mjini alizitumia kufungia misumari. Ukurasa wangu ulieleza jinsi nguruwe anavyofukua mizizi kwa pua. Ukurasa uliofuata, labda ndio wa mhanga, alipewa mteja mwingine.

Kijiji chetu cha ujamaa kiko kando ya njia ya zamani ya misafara, ile ya kwenda Ujiji. Mwaka ule karanga za shamba la kijiji zilikwisha kabla ya kuvunwa. Bwana shamba alikuwa anakuja kuuliza zimekwenda wapi. Kwa bahati, shambani kulikuwa na mashimo ya mhanga, yule mnyama wa usiku mwenye pua kama ya nguruwe. Mwenyekiti akaitisha mkutano.

"Ndugu msomi," akaniambia, "hebu tuelimishe."

Nikachora ubaoni pua ndefu, mbele yake nikaweka karanga. Nikasema pua ya namna ile imeumbwa kufukua chakula. Watu wakapiga makofi kwa nguvu ambayo sijapata kuiona siku ya kulima.

"Mhujumu amepatikana!" mwenyekiti akapaza sauti. Ikaamuliwa kwamba Jumamosi, mbele ya bwana shamba, kila mhanga afukuliwe shimoni na kuuawa.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Hata shati nikishalikunja, hulikunjua nihakikishe. Nikaanza kuhisi ile pua niliichora fupi mno, nikawa natafuta mhanga wa kumpima. Ijumaa asubuhi nikamkuta mmoja karibu na reli, amegongwa na treni. Nikapiga magoti, nikajaribu kumfungua mdomo. Ulikuwa mdogo ajabu kwa mnyama mkubwa vile. Meno ya mbele hana. Nikaushika ulimi, nikavuta. Ukaja, ukazidi kuja, mwembamba kama mkanda, unanata, na mchwa bado wamegandia. Pua ile ndefu ni ya kunusa na kupenya kwenye vichuguu; kula hufanywa na ulimi. Mnyama huyu asingeweza kumenya karanga hata angefunguliwa ghala.

Nikakimbia nyumbani kumweleza mama. Alikuwa anakoroga mlenda.

"Mwanangu," akasema bila kugeuka, "huyo mhanga akiachiwa, watamtafuta nani?"

Nikatazama chungu. Mlenda ulikuwa umeungwa karanga, na sisi mwaka ule hatukupanda karanga zetu hata punje. Nilikuwa nimeula siku zote hizo na kuusifu.

Jumamosi watu walikuja na majembe mengi kuliko niliyodhani kijiji kinayo. Nikasimama, nikaeleza ulimi, mchwa, na meno yasiyokuwapo. Mama alikuwa anakagua pindo la kanga yake.

"Kwa hiyo, ndugu msomi," mwenyekiti akauliza polepole, "karanga zililiwa na nani?"

Bwana shamba akainua kichwa. Kijiji kizima kikanitazama, na kila niliyemtazama nilikijua chungu chake.

"Hondohondo," nikasema. "Naye ana mdomo mrefu. Tena anaruka."

"Si nilisema mimi!" akadakia jirani yetu mmoja, ambaye hakuwa amesema kitu. "Yule ndege ana koleo, hana mdomo!"

"Mwizi mkubwa!" wengine wakaitikia.

Bwana shamba akakubali kwamba ndege hafukuliwi. Majembe yakarudi nyumbani, mhanga akapona, na mimi nikapewa darasa la elimu ya watu wazima.

Sasa shamba la kijiji linapandwa tumbaku, na hakuna mnyama aliyeigusa. Karanga kila mtu analima nyuma ya nyumba yake, na mimi sichori tena mnyama ambaye sijamwona mdomo.