Mkate wa Kiapo na Wafu Wasioiba

Usiku ule nililala bila kula. Nyumba ya Shangazi Mwanaidi ilikuwa imenyamaza, na nyumba yenye harusi ikinyamaza inatisha. Kidani kipya cha dhahabu alichokifulisha kwa sonara kwa ajili ya harusi ya binti yake kilikuwa kimetoweka usiku uliotangulia katika chumba walicholala wanawake. Jioni hiyo ukoo ulikuwa umeshampata mwizi: Saumu, mke wa mdogo wangu Idi.

Alipatikana kwa mkate. Katika ukoo wetu, kitu kikipotea ndani ya nyumba hatukimbilii polisi. Huletwa mkate mkavu, mzee huusomea, kisha kila anayeshukiwa humegewa kipande akimeze mbele ya watu bila tone la maji. Asiye na hatia, wanasema, humeza. Mwizi hukabwa. Babu yangu Makame aliwasomea watu wa mtaa wetu wa Tanga mkate huo maisha yake yote, na alipofariki kazi ikaenda kwa mwanawe, Ami Hamadi.

Nilifika kutoka kazini nikakuta kidani kimeshapotea na mkeka umeshatandikwa. Niliona kwa macho yangu. Wanawake wengine wote walimeza, baadhi yao kwa taabu. Saumu alitafuna, akatafuna tena, macho yakamtoka, kipande kikagoma kushuka, akakitema kiganjani huku analia.

"Si mmeona?" Shangazi akadakia. "Nimesema tangu asubuhi mimi! Huyu mtoto wa watu hamwangalii mtu usoni!"

Ikaamuliwa kwamba kesho, baada ya sala ya alasiri, Idi ampe talaka na arudishwe kwao Handeni. Idi aliinama tu, akatazama miguu yake kama ya mtu mwingine.

Na mimi? Mimi nafundisha takwimu chuoni, jambo ambalo lingechekesha kama lisingeuma. Niliduwaa. Nilikuwa nimeona koo la mtu likifunga, na nilichokiona kilinitosha. Nikaenda kulala nikijiambia kwamba angalau tumejua ni nani.

Sijui usingizi ulinichukua vipi. Najua tu kwamba niliingia darasani kwangu, na Babu Makame alikuwa ameketi kwenye dawati la mbele.

Nilishtuka hata chaki ikaniponyoka. Babu alikufa. Niliona jeneza lake likitoka mlangoni, na mimi ndiye niliyezifua kanzu zake tukazitoa sadaka. Sasa alikuwa ameivaa moja ya kanzu hizo, safi, imepigwa pasi, na mapajani amepakata mkate mkavu ndani ya kitambaa cheupe. Hakunisalimia wala hakungoja shikamoo yangu.

"Leo unawafundisha nini?" aliuliza.

"Kupima dhana, Babu."

"Fundisha."

Nikageukia ubao. Mkono unaandika wenyewe, nami nasema yale ninayoyasema kila mwaka. Nasema mtu akikuletea dai, usianze kwa kulikubali. Anza na dhana tupu, yaani kwamba hakuna kilichotokea: dawa haijaponya, mbolea haijaongeza mavuno, mtuhumiwa hajaiba. Kisha tazama ulichokiona ujiulize, kama kweli hakuna kilichotokea, jambo hili lingeonekana mara kwa mara au lingekuwa la ajabu? Likiwa la kawaida, huna kesi. Likiwa adimu kupita mpaka uliojiwekea kabla ya kutazama, hapo ndipo unaiacha dhana tupu na kushika nyingine.

"Kabla ya kutazama," Babu anarudia.

"Ndiyo, Babu. Ukiweka mpaka baada ya kuona, utauweka pale unapopataka."

"Na mke wa Idi, mlianzia wapi?"

Tulianzia kwenye wizi wake. Shangazi alikuwa amemtaja tangu asubuhi, na mkate ulipoletwa wote tulikuwa tunalitazama koo moja tu.

Nageuka niwatazame wanafunzi wangu wanisaidie, na si wanafunzi. Ni fundi cherehani wa kona yetu, marehemu. Ni Bi Kizee wa vitumbua, marehemu. Ni majirani niliowalilia mmoja mmoja. Na pembeni kabisa, kanga yake ileile ya rangi ya samawati, ameketi mama yangu mzazi.

"Mama!"

Madawati hayapo tena. Tuko sebuleni kwa Shangazi, kwenye mkeka uleule, na jua la mchana linaingia dirishani ingawa najua fika kwamba ni usiku. Babu anakunjua kitambaa.

"Hawa wote walikufa kabla kidani hakijafuliwa," anasema. "Yumo mwizi hapa?"

"Hayumo, Babu. Hawezi kuwamo."

Anausomea mkate kwa sauti ile iliyokuwa ikitunyamazisha tulipokuwa watoto. Anamega, anagawa. Fundi cherehani anameza. Bi Kizee wa vitumbua anameza, machozi yakimlengalenga. Jirani mmoja anameza kwa urahisi kabisa na kufuta ndevu. Kisha zamu inafika kwa mama yangu, na watu wote wanamkazia macho, na mama anatafuna, anatafuna, anaweka mkono shingoni. Kipande hakishuki.

Mama anakohoa. Nyuma yake mwingine anakohoa, na yule kule karibu na mlango naye ametema. Si wote, maana wengi wanameza. Lakini wanaokabwa si wa kutafuta kwa tochi, wamo tu humo, wamechanganyika na wenzao, na kila anayekabwa anawatazama wengine kwa hofu ya mtu aliyekamatwa.

"Mwalimu," Babu ananiita, na alipokuwa hai hakuwahi kuniita hivyo, "mama yako ni mwizi?"

"La, Babu! Mama yangu? La!"

"Koo lake limesema nini?"

"Limesema anaogopa."

Huko chuoni nikiletewa dawa mpya, swali langu la kwanza huwa ni wagonjwa wangapi wangepona wenyewe bila dawa. Jana mbele yangu alikabwa mtu, na sikuuliza ni wasio na hatia wangapi hukabwa. Hakuuliza yeyote. Tangu Babu wa babu yangu hakuna aliyeuliza, kwa sababu mkate tuliwalisha washukiwa tu.

"Sogea uwaone hawa wawili," Babu anasema.

Wameketi bega kwa bega mwisho wa mkeka. Mwanamke namtambua kwa habari zake, maana tulikua tukitishwa naye: Bi Tatu, mwizi wa bangili, aliyekabwa na mkate mbele ya mtaa mzima, akaachwa na mumewe, akahama, akafia ugenini. Mwanamume ni Mbwana, shemeji yake, mcheshi aliyependwa na kila mtu.

"Huyu," Babu anasema akimwonyesha Bi Tatu, na sauti yake inakatika, "hakuiba."

"Nilikuwa na kiu tu," Bi Tatu anasema.

Mbwana anacheka kidogo, bila furaha. "Bangili nilizichukua mimi. Mkate niliumeza bila shida yoyote. Nilikuwa na njaa siku hiyo."

Kosa la kwanza ni kumtia hatiani asiye nayo. Kosa la pili ni kumwachia aliye nayo. Nimeyachora ubaoni mara nyingi, katika vijisanduku, kwa chaki ya rangi mbili, na wanafunzi wakayakariri. Sikuwahi kufikiri kwamba yanaweza kukaa mkekani, moja limevaa kanga na jingine kofia, yakanitazama.

"Basi tupunguze kipande!" nasema, na najisikia nikipiga kelele. "Babu, tumege kidogo, asikabwe asiye na hatia!"

Babu anamega kidogo sana, punje ya mkate. Bi Tatu anameza, uso unamfunguka. Mama anameza. Mbwana anameza pia, na wezi wengine wote wanaotokea sijui wapi, wanapanga foleni, wanameza, wanapita zao.

"Basi tuongeze!"

Anamega pande kubwa. Mbwana anakabwa. Bi Tatu anakabwa. Mama yangu anakabwa, fundi cherehani anakabwa, sebule nzima inakohoa, na mimi nashika kichwa. Kila ninapoziba huku, kule kunafumuka. Mkate ni uleule, na kwa mkate huo peke yake hakuna kipande kinachowatenganisha.

"Babu, niambie basi. Kidani kachukua nani?"

"Nilipokuwa hai sikujua nani kachukua nini. Unadhani kufa kumeniongezea akili?"

"Sasa umekuja kufanya nini?"

Naona macho yake yamejaa maji. Babu Makame hakulia hata alipomzika mkewe.

"Waulize," anasema, "ni nani wanayemjua kwa yakini kwamba hakuiba, na bado wakamlisha mkate. Mimi sikumlisha hata mmoja."

Kisha anamega kipande na kukitia kinywani mwangu kwa mkono wake. Natafuna. Kinakuwa kikubwa. Mate hakuna. Wafu wote wananitazama, na mama yangu ananitazama, na najua sijaiba kitu chochote duniani, na hakishuki, hakishuki.

Niliamka nimeketi, nakohoa, adhana ya alfajiri ikitoka msikitini. Sikulala tena mpaka kukapambazuka.

Begi la Saumu lilikuwa limeshafungwa, limewekwa ukumbini. Mwenyewe alisimama nyuma ya pazia la chumba. Wageni wa harusi kutoka Mombasa walikuwa wametua mizigo muda si mrefu, na Ami Hamadi alikuwa sebuleni anawasimulia mkasa wenyewe juu ya kahawa.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Mbona macho mekundu hivyo?"

"Nimemwota Babu."

Vikombe vikatulia. Niliwasimulia yote, kwa sauti iliyonitoka vibaya, na nilipofika kwa Bi Tatu mzee mmoja wa Mombasa akasema taratibu, "Namkumbuka yule mama." Ami alikuwa amekunja uso.

"Babu yako aliusomea mkate huu umri wake wote," alisema. "Unataka kutuambia alikuwa anatuongopea?"

"Siwezi kusema hivyo, Ami. Ndiye aliyenituma. Anauliza ni nani, kati ya tunaowajua kwa yakini kwamba hawakuiba, amewahi kulishwa mkate huu."

Ami aliweka kikombe chini.

"Leo tunao," nikaendelea. "Wewe usiku kidani kilipopotea ulikuwa Muheza. Mimi nilikuwa chuoni. Wageni wameingia leo. Tule sote, bila maji, tukitazamwa. Ila tukubaliane sasa hivi, kabla hujamega: akikabwa hata mmoja wetu, tusiivunje ndoa ya mtu kwa mkate huu."

"Sawa," Ami alisema. "Tumekubaliana."

"Upuuzi mtupu!" Shangazi Mwanaidi alisimama. "Usomi umemharibu mtoto huyu. Lete huo mkate, Hamadi. Anza na mimi, awaone watu wasio na hatia wanavyomeza!"

Ami aliusomea. Akammegea dada yake kipande, sawasawa na cha jana. Shangazi alikitupia kinywani kwa mbwembwe, akakunja mikono, akaanza kutafuna huku anazungusha macho kumtazama kila mmoja wetu. Nasi tulimtazama. Sebule nzima ilimtazama koo.

Alitafuna kwa muda. Mbwembwe zikapungua. Akajaribu kumeza, shingo ikatoka mishipa, akajaribu tena, na mkono ukapanda wenyewe kifuani. Alikohoa, akakohoa, mpaka kipande kikaanguka mkekani.

Nilikuwa nimelitaka jambo hilo na bado nilishtuka kuliko nilivyoshtuka ndotoni. Wageni walikuwa wameshika vinywa. Shangazi alitutazama mmoja baada ya mwingine, machozi yanamtoka, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akiogopa chochote.

"Lakini kidani ni changu mwenyewe," alisema kwa sauti ndogo.

"Tunajua, dada," Ami Hamadi alisema. "Hapa hakuna asiyejua."

"Sijasema Saumu hakuchukua," nikasema, kwa kuwa ni kweli na ilibidi isemwe. "Nimesema hatujui."

Idi aliinuka bila kumtazama mtu. Alikwenda ukumbini, akalibeba begi la mkewe, akalirudisha chumbani.