Dawa Si Mawese

Nakumbuka asubuhi ile, mwanangu, na hasira bado ninayo. Ulikuwa unanyonya, sikio linatoa usaha, joto halishuki, na dawa ya chupa tuliyopewa kituo cha afya hapa Rumonge ulikuwa unainywa tangu siku ya soko. Ulilia mpaka sauti ikakauka. Nilianza kuogopa.

Nikaingia jikoni. Bibi yako, mama wa baba yako, amekupakata. Anainamisha chupa ya dawa polepole kama mtu anayemimina mafuta ya mawese. Juu maji mepesi, chini tope jeupe.

"Mama, mbona hutikisi?"

"Takataka iko chini, niitikise nimunyweshe mutoto? Tunachota ya juu, ile safi. Mawese nimeuza kabla hujazaliwa, we mwanafunzi!"

Kwa mawese hakukosea. Ukishayachemsha unayaacha yatulie. Maji na machicha yanashuka, unachota mekundu ya juu. Lakini lile tope jeupe ndilo lilikuwa dawa. Wewe ulikuwa unanyweshwa maji matamu tu!

Nilipiga kelele, majirani wakatoka. Lakini kelele haiponyi sikio. Nikachukua glasi mbili za maji. Moja nikakoroga chumvi, nyingine unga wa muhogo, nikaziacha. Baadaye nikampa kijiko.

"Onja, mama. Juu, halafu chini."

Ya chumvi ilikuwa chumvi kotekote. Ya unga, juu maji, unga wote umelala chini.

Akaitazama chupa. "Yoo! Kumbe mimi ndiye namunyima mutoto dawa!"

Akajifunga kitenge, akanitangulia njiani kwenda kituoni. Muuguzi akatukataza kutumia iliyobaki, kwa kuwa ya chini imekuwa kali mno, akatupa chupa mpya. Hazikupita siku nyingi joto likashuka, ukalia kwa sauti yako yote. Sijawahi kufurahia kelele namna ile.

Mwanangu, kuna vitu vikichanganyika vinakuwa kitu kimoja, kama sukari kwenye chai: chota popote, ni sawa. Vingine vinakaa pamoja tu, ukigeuka, vimeachana. Kabla ya kuchota, jua unachokitaka kiko wapi. Dawa ya namna ile itikise kila mara, hata mkubwa akikukataza. Mwambie kwa heshima. Asiposikia, mwambie kwa nguvu.

Mungu akupe watoto, uwanyweshe dawa nzima. Na uzeeke kama bibi yako, ambaye siku hizi anatikisa hata chupa ya maji ya kunywa.