Mzee wa Makumbusho Anasalimia

Juzi, katika makumbusho moja hapa Dodoma, tulibonyeza kitufe chini ya picha ya mzee aliyekwisha kufariki. Sauti yake ikatusalimia kwa Kisandawe. Tukachekea vile vidoko, ile milio ya ulimi katikati ya maneno, tukabonyeza tena.

Nyuma yetu bibi mmoja kutoka Chemba aliweka kikapu chini, akainamisha kichwa, akaitikia kwa lugha hiyohiyo. Sauti ikaendelea bila kumsubiri.

"Mama, hiyo ni mashine," binti yake akanong'ona. "Mwenyewe alishakufa."

"Najua. Lakini kasalimia."

Sisi wasomi tukatazama viatu vyetu.

Bibi akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Maskini, anashinda hapa akisalimia watu," akasema, "na sisi wa kumwitikia ndio tunakwisha."