Maji ya Kuoshea Magari

Sijaomba msamaha kwa maji yale hadi leo, na anayesubiri niombe atafute kiti akae, maana miguu itamchoka.

Nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya wasichana ya bweni, mlimani juu ya mji wa Machakos. Shule yetu ilikuwa na chama cha huduma, na chama hicho ndicho kilichonilipia nusu ya karo. Nusu ya pili mama aliitafuta anakojua mwenyewe, mbuzi mmoja baada ya mwingine. Mlezi wa chama alikuwa mwalimu wetu wa kike, mrefu, msafi wa kupindukia, na yeye ndiye aliyeniombea msaada ule kwa wafadhili. Sitamnyima haki yake. Bila yeye ningeishia darasa la nane nikiswaga mbuzi huko kwetu Mwala. Lakini msaada wenyewe ulikuja na masharti mawili: niwe na tabia ya kupigiwa mfano, na kila wageni wakija, nisimame mbele yao niseme asante.

Na nilisema. Jamani, nilisema! Nilisema asante mpaka nikajua ni wapi pa kushusha sauti na ni wapi pa kuangalia chini. Wasichana wa bweni letu walikuwa wakiniiga wakati wa chakula. Mmoja akipitishiwa chumvi anasimama, anainamisha kichwa, anasema, "Asanteni sana wageni wetu waheshimiwa." Meza nzima inavunjika mbavu. Nami nilicheka nao, ningefanya nini? Lakini iliniuma.

Mwaka huo kulikuwa na ukame. Zile mvua kubwa za El Nino zilikuwa zimetudanganya kwamba Mungu amewakumbuka watu wa Mwala, kisha misimu ikafuatana mikavu. Habari za nyumbani zilinifikia vipande vipande. Mbaazi zimekauka. Ng'ombe wa jirani ameanguka na hakuinuka. Mama anaenda mtoni kabla ya jua, anafukua mchanga kutafuta maji, na anarudi jua likiwa utosini na nusu ya mtungi.

Chama kikaamua kuwachangia watu wa Mwala mahindi. Mlezi akaleta wazo, na sote tukaliona zuri sana: siku ya wazazi, wanachama tuoshe magari ya wageni, na kila mwenye gari atoe alichojaliwa. Shule ilikuwa na kisima cha pampu, maji hayakuwahi kutupungukia. Tulipiga makofi. Hakuna aliyeona kasoro, na mimi niliyezaliwa katika kiu ile ile ndiye niliyeinua mkono wa kwanza niwe msimamizi wa mpira wa maji. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko mengine yote. Miaka mitatu tu ya maji ya bomba, na nilikuwa nimeshasahau.

Siku yenyewe ikafika. Wazazi wa Nairobi walipanda mlima na magari yao, vumbi limeyapaka rangi moja yote. Tulikunja mikono ya sweta, beji za chama zikining'inia kifuani, na juu ya vichwa vyetu tukatundika bango la kitambaa: OSHA GARI, OKOA MWALA. Nilimwaga maji siku hiyo! Nilimwagia magurudumu, nikamwagia vioo, nikawamwagia na wenzangu kwa utani. Povu liliteremka mtaroni, likapita kando ya hema la wageni, likapotelea kwenye ua wa michongoma.

Ndipo nikamwona mama akiingia getini. Alikuwa amevaa leso yake ya kanisani na akala miguuni, kiondo begani, na mkononi ameshika mtungi wa plastiki wa manjano, mtupu. Usishangae mtungi. Kwetu wakati wa ukame mtu hatoki nyumbani bila chombo. Ukienda kanisani, unabeba mtungi. Ukienda matangani, unabeba mtungi. Hujui maji utayakuta wapi, na ukiyakuta huna chombo, utamlaumu nani?

Hakunisalimia. Alisimama ukingoni mwa mtaro, akatazama povu likipita.

"Haya maji yanaenda wapi?" akaniuliza kwa Kikamba.

"Hayaendi popote, mwaitu. Ni ya kuoshea magari." Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama kwetu.

"Na magari yanaoshwa kwa nini?"

"Tupate pesa za kuwanunulia watu wa Mwala mahindi."

Aliangalia lile bango asiloweza kulisoma. Akaangalia mpira mkononi mwangu, ambao ulikuwa bado unatiririka.

"Na hayo mahindi," akasema, "watayapikia nini?"

Haki ya Mungu, nilitamani ardhi inimeze. Niliufunga mpira. Mama aliweka kiondo chini, akachutama, akakusanya udongo kwa viganja viwili akauziba mtaro, kisha akachimba kashimo kadogo nyuma ya ule udongo, vile vile anavyofanya mtoni. Alingoja tope litulie. Halafu akatoa kikombe cha bati kwenye kiondo na kuanza kuteka, polepole, bila kutibua.

"Mwaitu, yana sabuni," nikamnong'oneza.

"Nimeona. Sabuni ya bure. Nitafulia."

Waswahili husema maji yakimwagika hayazoleki. Hawajakutana na mama yangu.

Wageni wakaanza kugeuza vichwa. Baba mmoja mwenye tai akacheka waziwazi. Msichana wa darasa langu akauliza, "Huyo ni mama ya nani?" na mimi, nitasema ukweli kwa kuwa hakuna wa kunilazimisha kuuficha, nilinyamaza. Nilimsikia vizuri na nikanyamaza. Nikajifanya nafuta kioo cha gari.

Mlezi alikuja haraka, ametabasamu kwa ajili ya wageni. "Mama, tafadhali," akasema kwa sauti ya chini. "Watu wanaangalia. Wakishaondoka nitakujazia mtungi maji safi ya bomba."

"Asante, mwalimu," mama akamjibu kwa Kiswahili chake. "Hata hiyo nitachukua. Lakini hii iko hapa sasa."

Aliendelea kuteka. Mtungi ulikuwa umefika shingoni. Mlezi akanigeukia mimi, na lile tabasamu likaisha.

"Wewe. Chukua huo mtungi ukamwage nyuma ya jikoni. Sasa hivi."

Nilipokuwa mdogo niliwahi kujikwaa njiani kutoka mtoni nikamwaga kibuyu kizima. Mama hakunichapa. Alikaa chini kwenye mavumbi akalia, mtu mzima, na mimi nimesimama namtazama. Nilikumbuka hilo pale pale, mbele ya magari.

"Simwagi," nikasema.

"Umesema nini?"

"Nimesema simwagi, mwalimu. Huyu ni mama yangu, na haya ni maji."

Nililisema kwa sauti ile ile niliyofunzwa kusemea asante, kwa hiyo lilisikika mpaka ndani ya hema. Kisha nikaufunga mtungi, nikaupitishia kamba ya mama ya kubebea mizigo, nikaweka ukanda wake kichwani na mzigo mgongoni kama wanawake wa kwetu wanavyobeba, nikapita katikati ya magari yote yale yanayong'aa hadi getini. Mama alinifuata nyuma na kiondo na kikombe chake. Kifuniko kilikuwa kinavuja, maji ya sabuni yakaniloanisha sweta hadi kiunoni, na sikujali hata kidogo.

Ujasiri wa Jumamosi ni rahisi. Jumatatu niliitwa ofisini. Mwalimu mkuu alikuwepo na Mlezi alikuwepo. Waliniambia niandike barua ya kuomba msamaha kwa wafadhili, mzazi aitie sahihi, niirudishe kabla ya Ijumaa. La sivyo chama kinaacha kunilipia. Bila chama sikuwa na shule, kila mtu mle ndani alilijua hilo.

Niliiandika. Nani alikudanganya mimi ni shujaa? Niliiandika kwa Kiingereza kizuri, hati ya kupendeza, nikapewa ruhusa ya kwenda nyumbani. Mama hakujua kuandika, angeweka kidole gumba, na nyumbani hatukuwa na wino. Kwa hiyo njiani nilivunja kalamu yangu kwa meno, nikaukamulia wino kwenye kifuniko cha chupa, nikautunza kwa uangalifu mpaka Mwala.

Nguo zilikuwa zimeanikwa juu ya ua. Alikuwa amefua kweli.

"Nisomee," akasema.

Nikamtafsiria. Kwamba tunasikitika kwa aibu tuliyowaletea wageni. Kwamba tendo lile halitarudiwa.

"Aiya! Halitarudiwa?" Alicheka kicheko kifupi. "Kesho nikiona maji yanamwagwa, nitayaacha?"

"Mwaitu, ni karatasi tu. Weka kidole nirudi shule."

"Niliiba?"

"Hukuiba."

"Nilimtukana mtu?"

"Hapana. Mwaitu, tafadhali." Nilikuwa nimeanza kulia. "Nitafukuzwa. Mbuzi wote wale uliouza itakuwa bure."

Aliutazama ule wino kwenye kifuniko kwa muda mrefu. Nilijua anawaza mbuzi. Alikuwa akiitaka elimu yangu kuliko nilivyoitaka mimi, alinidamkia na kunilalia njaa kwa ajili yake, na nilikuwa na hakika atainua mkono.

"Mimi sikusoma," akasema mwishowe. "Lakini kidole ni changu."

Akakichukua kile kifuniko na kuumwaga wino pale pale chini. Ndicho kitu pekee nilichowahi kumwona akimwaga.

Nilimkasirikia. Siku nyingi sikumsemesha. Niliona ni rahisi kwake kukataa wakati mimi ndiye ninayepoteza, na sikujali kwamba na yeye alikuwa amepoteza. Ijumaa ilipita. Wiki iliyofuata nilienda kuchukua sanduku langu, nikaacha beji ya chama juu ya meza ya Mlezi. Alikuwa anasahihisha madaftari. Hakuinua kichwa.

Muhula mzima nilikaa nyumbani nikabeba mawe. Wanawake wa kijiji chetu walikuwa na mwethya, ile kazi ya pamoja ambapo leo mnamfanyia huyu na kesho yule, na mwaka huo walikuwa wanajenga ukuta wa mawe kukatiza mto mkavu, ili mvua ikija mchanga ujikusanye nyuma yake na maji yajifiche mchangani. Hakuna mfadhili aliyekuja kupigwa picha. Na pale mwethya, hebu sikia hili, hakuna aliyemwambia mwenzake asante. Ulibeba jiwe lako, ukarudi kuchukua lingine. Ajuza wa kijiji, mgongo umepinda, alibeba kokoto kwenye kikombe. Mikono yangu ilipasuka, na kabla ya wiki mbili nilikuwa naongea na mama tena, maana huwezi kuinua jiwe kubwa na mtu mliyenuniana.

Muhula uliofuata niliingia shule ya kutwa. Madirisha hayakuwa na vioo, na nilitembea saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi. Nilisoma. Thubutu mtu aseme sikusoma.

Mvua ilinyesha mwaka uliofuata, si nyingi, lakini ukuta ulishika. Siku moja basi la shule yangu ya zamani likaingia kijijini na magunia ya mahindi na wasichana wenye beji. Mlezi alishuka wa kwanza, viatu vyake vimejaa vumbi. Aliniona, nikamwona. Alinitikisia kichwa kunisalimu.

Mama alipokea mahindi yake kama wengine. "Chakula hakina kosa," aliniambia nilipomkazia macho. Na kwa kuwa kwetu mgeni haondoki bila kula, wanawake walipika muthokoi kwa maji ya mchangani, mahindi yamekobolewa yakaiva laini na kunde. Wageni wakakaa kwenye viti vya kuazima. Mama akaenda kwa kila mmoja na jagi la kunawisha, na beseni chini ya mikono.

Alimnawisha Mlezi mwisho. Mlezi alinawa kwa makini, kila kidole, kisha kwa ile tabia yake ya usafi akachukua beseni lenyewe, akasimama na kugeuka ili ayatupe maji nje. Wanawake wote wakageuka kulitazama beseni. Aliinua beseni hadi kiunoni, halafu akasita.

"Mama," akauliza polepole, "haya nimwage wapi?"

"Hiyo haimwagwi, mwalimu," mama akamjibu. "Patia mtoto."

Mlezi alinijia na beseni kwa mikono miwili, akitembea taratibu yasimwagike. Wasichana wa chama walikuwa wanatutazama. Yeye mwenyewe alisimama mbele yangu akingoja kidogo, nadhani kwa mazoea, kwa sababu miaka yote ile kila aliponipa kitu nilikuwa na neno la kumwambia.

Niliyapokea. Nikayapeleka nyuma ya nyumba nikayatia kwenye shina la mpapai, yote, na sikusema asante.