Bei Iliyofichwa Nyuma ya Kalenda

Mwaka ule ushuru wa bia ulipopanda, afisa biashara wa wilaya alipita kwenye grosari yangu pale Mbamba Bay na karatasi ya bei elekezi. Akaniagiza niibandike ukutani ambapo kila mteja ataiona. Niliibandika. Alipoondoka tu, nikatundika kalenda juu yake.

Nilikuwa nauza kila chupa kwa mia tano zaidi. Mtu akiguna nilimjibu, "Serikali imepandisha." Ilikuwa kweli nusu, na nusu hiyo ilinitosha. Nilijiambia kwamba barabara ya kushuka kutoka Mbinga ni mbaya, na mwenye lori ananiongezea nauli. Kweli alikuwa ananiongezea, lakini si kiasi hicho.

Mwalimu wangu wa darasa la nne, aliyekwisha kustaafu, alikuwa akija kila Jumamosi mchana. Alikunywa bia moja tu, polepole, akiongea habari za samaki na mihogo. Bei zilipopanda akawa anakuja Jumamosi moja, nyingine anaruka. Niliona, lakini bei sikuigusa.

Siku moja upepo wa ziwani uliinua kalenda. Akavaa miwani, akasoma.

"Mwanangu, mbona hapa pana bei nyingine?"

"Hiyo ya zamani, Mwalimu."

Tarehe ilikuwa juu kabisa, kwa herufi kubwa. Alilipa bei yangu.

Majuma mawili baadaye afisa alirudi ghafla. Mwalimu alikuwa amekaa na wavuvi wanne, bia yake haijafika nusu.

"Shikamoo mzee. Hiyo umenunua shilingi ngapi?"

Mwalimu alinitazama kwanza, kana kwamba ananipa nafasi niseme mwenyewe. Nilifuta kaunta. Basi akataja bei, bila kupunguza wala kuongeza.

Nikacheka. Nikasema, "Afisa, huyu mzee akishakunywa hajui asemalo. Hata chenji hukataa kwamba nimempa."

Wavuvi nao wakacheka. Afisa akaitazama ile chupa, akanitazama mimi, akanionya kwa maneno na kuondoka. Mwalimu alisimama, akakirudisha kiti chini ya meza na kutoka. Hakuyumba hata kidogo. Bia yake niliimwaga mwenyewe.

Hakuja tena. Siku hiyohiyo niliiondoa kalenda na kuanza kuuza kwa bei halali, nikidhani hilo litanituliza. Halikunituliza. Mwezi ulipopita nikaenda kwake, nikamkuta anamenya mihogo na mkewe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibu, kaa."

Nilipiga magoti, nikamwomba radhi huku nalia. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mimi nimeshakusamehe," alisema. "Lakini mimi nilikuwa najua kwamba sijalewa. Waliodanganywa ni wale wanne. Kawaambie wao."

Nikaahidi. Mkewe akanifungia mihogo ya kwenda nayo nyumbani, nami sikuwa na uso wa kuikataa.

Wavuvi wale bado ni wateja wangu. Wakimkumbuka Mwalimu, mmoja huigiza mlevi anayebishania chenji, wenzake wakavunjika mbavu. Mimi huinama kwenye friji, nikajifanya natafuta ya baridi zaidi.