Mtekaji Aliyepangusa Viatu

Nilikuwa nimeishi Uthiru mwaka mzima, chumba kimoja, na hakuna mtu aliyekuwa ananijua. Watu wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga walinisalimu, "Sasa?" nikawajibu, nikapita. Mimi si mtu wa kuongea.

Siku moja nilienda mtaa wa Karen kukata nyasi kwenye nyumba moja kubwa. Nikakuta watu wa televisheni wameikodi. Walikuwa wanarekodi mchezo wa familia tajiri ambayo mtoto wao anatekwa nyara. Mtekaji mmoja hakuwa amefika, na mwelekezi wa mchezo alikuwa anatafuta mtu mrefu wa kushika nafasi yake, isiyo na maneno ya kusema. Mwenye nyumba akanionyesha kwa kidole.

Tulikuwa watatu. Tulivaa kofia nyeusi za sufu zilizofunika uso, macho tu yakabaki. Kazi yetu ilikuwa kuingia mbio na kumbeba mtoto sebuleni.

Wenzangu waliingia. Mimi nilipofika mlangoni niliona zulia jeupe, nikasimama kupangusa viatu.

"Wewe wa nyuma," mwelekezi akasema, "umekuja kuteka mtoto ama umekuja kuposa?"

Tukarudia. Nikapangusa tena. Miguu ilijifanyia yenyewe. Kwetu Kitui mama yangu humrudisha nje hata pasta, akiingia na matope. Mara ya nne jua lilikuwa linaondoka, wakaiacha hivyo hivyo.

Nilimpigia mama nikamwambia nitaonekana kwenye televisheni. Sikumwambia nitafanya nini. Wa ploti sikuwaambia, lakini nilitaka sana mmoja wao anitambue, hata mmoja tu.

Sina televisheni. Jumamosi mchana, siku ya mchezo kuonyeshwa, nilienda kwa kinyozi wa karibu na ploti yetu, kwa sababu yeye anayo. Nilikuwa kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa, watekaji walipotokea. Nilijiona nikipangusa mguu wa kulia, kisha wa kushoto.

Watu wakacheka. Mama mmoja wa ploti yetu, aliyeleta mtoto kunyolewa, alisema, "Huyo mwizi ana adabu kushinda bwana yangu."

Nikasema, "Ni mimi huyo."

"Na mimi ndiye baba ya huyo mtoto anayetekwa," kinyozi akasema. "Inamisha kichwa."

Wakacheka tena. Yule mama alinitazama kidogo kwenye kioo, halafu akarudisha macho kwenye televisheni. Nikainamisha kichwa.

Nilipotoka simu ililia. Alikuwa mama yangu.

"Tulikuwa kwa jirani," akasema. "Nilialika watu wa kanisa. Hukuniambia ni kuiba mtoto wa watu."

"Pole, Mama. Uliniona?"

"Walikuwa watatu na sura zimefunikwa. Mmoja akapangusa viatu. Nikawaambia, huyo ni wangu." Nikasikia kuku wake kwenye simu. "Na huko, watu wamefurahi kukuona?"

"Wamefurahi."

"Umetazama na nani?"

"Na watu wa ploti," nikasema. "Tulikuwa wengi."

"Basi ni vizuri. Nilikuwa nafikiri uko peke yako."

Salio lake likaisha hapo. Nilifika kwangu, nikapangusa viatu kwenye kipande cha gunia, nikafungua kufuli.