Faili la Anjelina

Restuta anatunza kumbukumbu za wagonjwa katika zahanati moja huko Mtama. Jerome alimchumbia, kisha akamwacha akamwoa Anjelina.

Asubuhi moja Anjelina alitoka kwa daktari akilia. Wivu ukamchoma Restuta. Angefungua kompyuta tu, angejua kila kitu.

Mchana mama yake Jerome akaja dirishani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Mkwe wangu ana nini? Kama hazai, Jerome atarudi kwako.”

Restuta aliitupia jicho kompyuta. “Siri ya mgonjwa ni yake, mama. Muulize mwenyewe.”

Mama huyo alipoondoka, Restuta alimwendea mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati. “Daktari, faili la Anjelina lifunge nisiweze kulifungua. Sijiamini.”

Likafungwa. Wivu wake bado upo, lakini hajui kilichomliza Anjelina.